Lavenda Kwenye Koti la Reli

Lavenda haina subira. Ukifungua chupa ya manukato ya kiume yenye lavenda ndani, hiyo ndiyo inayotoka kwanza. Hujavuta pumzi vizuri imeshafika, kama mgeni anayepiga hodi huku mguu mmoja ameshauingiza ndani. Mwanzoni ni ya baridi, kali kidogo, unaweza ukadhani umefungua dawa ya kuchua. Ipe muda. Inalainika, inaanza utamu, ila si utamu wa maua ya bibi harusi. Ni utamu mkavu, wa mwanaume aliyetoka kuoga akavaa shati lililopigwa pasi. Na mwisho kabisa, ikiwa inaaga, inaacha kitu kama nyasi za kiangazi, zile nyasi zetu za Dodoma zilizokauka mpaka ukizikanyaga zinalia.

Haya sikuyasoma popote. Shule niliishia kidato cha nne, na cheti changu nikikuonyesha utanirudishia taratibu bila kusema neno. Nimeyajua kwa pua tu, kwenye kibanda changu cha manukato ya kupima pale Majengo, katikati ya mama muuza karanga na fundi simu. Wateja wangu ni wanachuo, madereva bajaji, na wale vijana wa maofisini wanaokuja na shati limechomekwa na kitambulisho shingoni. Wanasema, "Dada Pendo, nataka pafyumu ya kiume, isiwe na sukari nyingi." Nawachovyea kijikaratasi. Mmoja ananusa anafumba macho, mwingine ananusa anasema, "Hii si harufu ya saluni hii? Nimemkumbuka kinyozi wangu." Tunacheka. Nawauzia.

Kitu kimoja ambacho huwa nawaambia wote ni kwamba lavenda kwenye ngozi haidumu, inaondoka mapema kuliko wenzake. Lakini kwenye kitambaa inalala. Ikilala unaweza kuapa imekufa. Halafu siku moja hilo vazi lipate jua, au pasi, au mwili wa mtu mwenye jasho, inaamka na kukaa kitako.

Sasa mimi nina tatizo, na nyie nawaambia kwa sababu hamtanicheka. Kila ninapoivuta lavenda kwa bomba la sindano, ngozi ya nyuma ya shingo yangu inasisimka, nageuka. Mchana kweupe, sokoni, watu wamejaa, nageuka nyuma. Mama muuza karanga ameshazoea. Anasema, "Haya, leo nani tena?"

Ni yule yule, mama. Nageuka kumtazama baba.

Nilizaliwa Zuzu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vyombo vilikuwa vinasalimiana kabatini. Baba alikuwa wa gengi, wale wanaume wanaotembea na reli wakikaza boliti, wakibadilisha mataruma yanayolaliwa na reli, wakishindilia kokoto. Akirudi jioni alikuwa ananuka grisi na chuma, harufu ambayo sabuni ya kipande ilikuwa inaiondoa nusu, nusu inabaki. Hiyo nusu ndiyo aliyokuwa anapambana nayo kwa lavenda.

Ilikuwa chupa ya mraba, ya kioo cha bluu, yenye picha ya maua madogo ya zambarau ambayo mimi sikuwahi kuyaona popote duniani. Ilikaa juu ya kabati, mahali ambapo mkono wangu haukufika. Baba akinyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo tulichokipachika mlangoni, nilikuwa nasogeza kigoda nakaa kutazama kama watu wanavyotazama mpira. Anamaliza, anamimina kidogo kwenye viganja, anajipiga mashavu, pa! pa!, halafu anakunja uso wote kwa kuwashwa. "Aaah! Sasa mimi ni mtu." Inayobaki anaifutia kwenye kola ya koti lake la kazi. Tone la mwisho kabisa lilikuwa langu. Ananigusa nalo kwenye pua. "Na wewe, pua ya baba."

Mama alikuwa anasema kutoka jikoni, "Baba Pendo, unanukia kunizidi. Siku moja watu watauliza mke hapa ni nani."

Hilo koti nalo mlijue. Lilikuwa zito, la bluu iliyopauka kwa jua, na vifungo vyake vyote vilikuwa vyeusi isipokuwa cha juu. Cha juu kilikuwa chekundu, kimetoka kwenye gauni langu la utotoni, kwa sababu mama hakupata kingine siku kile cha mwanzo kilipodondoka relini. Baba hakukibadilisha tena. Wenzake wa gengi walikuwa wanamwita Bwana Lavenda, na walidai abiria wakipita Zuzu hawahitaji kusoma kibao, wananusa tu wanajua wamefika.

Aliyeongoza kwa maneno hayo alikuwa Mzee Kalinga. Mzee Kalinga alikuwa Mhehe, sisi Wagogo, na nyie mnajua Mhehe na Mgogo ni watani, wakikutana pana kazi. Yeye na baba walikuwa gengi moja, nyundo moja, kila mahali pamoja. Akifika kwetu hakuwa anabisha hodi. Alikuwa anaanzia mbali:

"Wagogo mpo? Au mmeshatoka kwenda kuomba?"

Na baba humo ndani, "Mama Pendo, fungia mbwa, Mhehe huyo! Ana njaa!"

Mimi nilikuwa nakimbia kweli kwenda kumkumbatia Bobi, mbwa wetu, na Mzee Kalinga alikuwa anamtazama Bobi, anajilamba midomo, mpaka nalia. Wanaume wawili hao walicheka hadi kushikana mabega.

Kila akija alikuwa anaitaka lavenda. "Nigawie na mimi nikamlainishe mke wangu." Baba hakumpa hata siku moja. "Hii haipakwi na wala mbwa. Subiri nife, utarithi." Mzee Kalinga akamjibu, "Ukifa navaa na hilo koti, naoga chupa nzima, natembea Zuzu yote kama wewe, kifua mbele kama jogoo wa mchungaji." Mama aliwakaripia: "Nyie wanaume! Mtoto anasikia." Mimi nilisikia, nikacheka. Lilikuwa jambo la kuchekesha kama mengine yote.

Kuna neno lingine nililokua nalo: Gulwe. Masika yakiwa makali maji yalikuwa yanakata reli huko Gulwe, na gengi letu lilichukuliwa kwenda kusaidia. Baba na Mzee Kalinga walikuwa wanapanda pamoja, wanakaa huko siku nyingi, wanarudi pamoja, na matope mpaka masikioni. Kwa hiyo "baba yuko Gulwe" kwangu haikuwa habari mbaya. Ilimaanisha tu ngoja, atarudi, atanyoa, pa! pa!, na tone moja puani.

Nilikuwa darasa la pili alipougua. Nakumbuka alilala mchana, jambo ambalo halikuwa lake. Asubuhi nilikwenda shule nikamwacha amejifunika lile koti juu ya blanketi, na jua kali lilikuwa limeshatoka. Niliporudi, kitanda kilikuwa kimetandikwa, na Shangazi Debora, dada yake baba, alikuwa mlangoni na nguo zangu kwenye mfuko.

"Twende mjini ukanisaidie kuchambua karanga."

"Baba yuko wapi?"

Shangazi akatazama pembeni. "Baba yuko Gulwe. Reli imekatwa na maji."

Niliangalia juu. Ilikuwa kiangazi. Mbingu ya Zuzu ilikuwa nyeupe kwa vumbi, hapakuwa na wingu hata la kufutia kamasi. Lakini mtoto akiambiwa na mtu mzima anajitafutia njia mwenyewe. Nikajiambia labda Gulwe wana mbingu yao.

Shangazi alikuwa na chumba huku huku Majengo, uchochoro wa nyuma ya wauza nafaka. Nilichambua karanga kweli. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kunitisha, maana kule mjini, ambako baba hakuwepo, alikuwa ananukia.

Ilikuja mara ya kwanza mchana, dirisha likiwa wazi. Pazia lilivimba kama limepulizwa na mtu, na lavenda ikaingia, ile ya baridi ya mwanzo. Niliacha ungo nikatoka mbio. Mbele yangu, kwenye magunia ya uwele, kulikuwa na mgongo wa mwanaume unaokwenda. Nikaufuata huo mgongo nikipita katikati ya miguu ya watu. Ukageuka. Ulikuwa na uso wa mtu mwingine, na uso huo ukaniuliza, "Mtoto, umepotea?"

Ilirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Wakati mwingine ilikuwa inapita nje ya mlango polepole, kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Nikawa nasema moyoni, baba yuko hapa, ananitafuta, ila kuna kitu kinamzuia asiingie. Nikaanza kulala na viatu ili akiita nisichelewe. Nilimwambia Shangazi. Akanijibu, "Ni kinyozi huyo wa mbele, anawapaka wateja wake dawa ya ndevu." Halafu akaenda nyuma ya mlango akakaa huko, na aliporudi alisema vumbi la Dodoma litamtoa macho.

Kinyozi alikuwepo kweli, nilikwenda kumwona. Lakini ningeamini vipi kwamba harufu ya baba yangu iko kwenye chupa ya mtu mwingine? Kwangu haikuwa harufu ya kitu. Ilikuwa yeye.

Tena niligundua jambo lingine. Hakuna aliyekuwa analitaja jina lake. Wageni walikuja kwa Shangazi wakiwa na sauti kubwa, wakiniona wanaishusha. Siku moja Shangazi alijifunga kanga mbili, akaniacha kwa jirani asubuhi, akarudi jioni na miguu yenye udongo mwekundu hadi kwenye vifundo. Nikamuosha. Sikumuuliza huo udongo ni wa wapi, na yeye alikuwa ananitazama utosini tu nikimuosha, akinipapasa nywele.

Siku ya kuanua matanga ilibidi Shangazi aende Zuzu, na safari hii jirani alikuwa amesafiri. Akanichukua. Njiani akaniambia, "Nyumbani kuna shughuli kidogo. Kaa karibu na mimi."

Shughuli! Nyie fikirieni, mtoto amekaa na viatu miguuni siku zote zile, anafika kwao anakuta moshi wa masufuria, maturubai, watu wamejaa uwanja, na kutoka nyuma ya nyumba, vicheko. Watu walikuwa wanacheka hasa, mpaka wengine wanajipiga mapaja. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimefungwa, lakini hata yeye bega lilikuwa linatikisika. Mimi nikajumlisha yangu: baba amerudi, wanamfanyia sherehe.

Halafu nikasikia kikohozi. Kikohozi cha baba, kile kifupi cha kusafisha koo kabla ya kugomba. Na maneno yake kabisa:

"Nani kaacha jembe juani? Eti? Jembe nalo lina mama yake!"

Watu wakaangua kicheko. Upepo ukageuka, na lavenda ikaja. Haikuwa kidogo kama ya pale dirishani. Ilikuwa nyingi, imechemshwa na jua la saa saba, na chini yake grisi na chuma. Nikachungulia kona ya nyumba. Koti la bluu iliyopauka, kofia yake, mikono nyuma, kifua mbele, anatembea kwenda kule kwenye banda la kuku kama alivyokuwa anatembea kila Jumapili.

Mkono wangu ukatoka kwenye mkono wa Shangazi. Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka tu uso wangu ukizama kwenye mgongo wa lile koti, mikono yangu ikizunguka mbele na kukutana na kitambaa cha moto.

"Baba! Umerudi kutoka Gulwe!"

Pale nilipokuwa, uso kwenye koti, baba yangu alikuwa hai. Nasema hivi bila aibu. Watu wanaweza kunieleza watakavyo, lakini kwa pumzi ile moja niliyoivuta, alikuwepo.

Kisha nikahisi mwili ndani ya koti umesimama. Ukawa mgumu kama taruma. Vicheko vikakatika kimoja kimoja, mpaka nikasikia kuku. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Jamani, mtoto! Mtoto hajaambiwa!" Nikasikia mikeka, watu wanainuka kuja kunibandua.

Yule wa kwenye koti akanyoosha mkono juu, na wote wakasimama, kwa sababu siku kama hiyo mtani anayemwigiza marehemu ndiye mwenye uwanja. Hakugeuka haraka. Alivua kofia kwanza. Akajifuta uso kwa kiganja, akakaa kidogo hivyo, kama mtu anayechagua uso wa kugeuka nao. Ndipo akageuka.

"Ni mimi, Pendo. Mhehe."

Nikamwangalia. "Vua koti la baba."

"Nitalivua."

"Atakukuta umelivaa. Atakuchapa."

Mtu fulani nyuma alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Mzee Kalinga akapiga magoti kwenye vumbi, tukawa sawa kwa urefu. Mashavu yake yalikuwa yanang'aa kwa lavenda, amejipaka mpaka kwenye nyusi.

"Angekuja kunichapa ningefurahi, mwanangu. Hatakuja. Baba yako amekufa. Tumemzika. Hawa wakubwa walishindwa kukwambia."

"Yuko Gulwe."

"Pendo." Akanishika mabega. "Gulwe mimi na baba yako tunakwendaga wote. Angekuwa Gulwe, mimi ningekuwa hapa?"

Ndiyo ikaniingia. Neno kufa lilinipita, niliwahi kulisikia kwa kuku na kwa bibi za watu. Kilichonivunja ni hesabu ile ya wanaume wawili wa nyundo moja, na mmoja yupo hapa peke yake. Lakini nilikuwa bado na swali moja, na nililiuliza kwa hasira kama mtu aliyeibiwa.

"Sasa mbona ananukia?"

Mzee Kalinga akajifuta shavu kwa kiganja, akakinusa. Akasema, "Ni lavenda tu. Nimejipaka mimi. Alisema nirithi." Akakaa chini kabisa kwenye vumbi na koti la baba mwilini, akalia, mikono imeanguka mapajani. Mtani ambaye kazi yake siku ile ilikuwa kutuchekesha! Mama akaja akanibeba, ingawa nilikuwa mkubwa wa kubebwa.

Baadaye Mzee Kalinga alijikokota akainuka, akajikung'uta, akapaza sauti ya kukwaruza: "Wagogo nyie, mmeniliza bure, nyama yangu iko wapi?" Watu wakacheka tena, safari hii na makamasi. Kwa desturi, vazi alilolivaa mtani siku ile ni lake. Jioni akaondoka nalo. Nilishika mkono wa koti mpaka wa mwisho, na yeye hakunivuta. Aliniachia chupa ya bluu, chini kabisa imebaki kidogo, kama upana wa kidole. "Koti nakutunzia," akasema. "Hii kaa nayo wewe."

Nikabaki Zuzu kwa mama, nikakaa nayo. Nilikuwa naifungua nikiwa na hamu naye, nanusa mara moja, nafunga haraka asitoke mwingi. Mnaona ujinga huo? Kila nikimwita, anapungua. Kwanza ikaondoka ile baridi ya mwanzo, lavenda yenyewe. Kikabaki kidogo cha utamu, halafu nyasi kavu. Halafu nikawa nafungua chupa nanusa kioo. Nadhani ndoto yangu ilianzia hapo, kwamba siku moja nitatengeneza manukato yangu, yatakayonukia lavenda na reli iliyopigwa jua. Rafiki zangu wananiuliza, nani atanunua harufu ya reli? Mimi nitanunua.

Baba sasa akawa anatembea Zuzu, kwa sababu koti lilikuwa linatembea. Asubuhi za mwezi wa sita, baridi na ukungu wa vumbi, nilikuwa natoka na ndoo naliona kule relini, bluu, kifua mbele, linakuja. Nilijua. Nilikuwa najua vizuri kabisa ni nani, na bado nilikuwa naweka ndoo chini nikimbie kumlaki. Lakini kabla sijapiga hatua, kutoka mbali, kabla hata sijauona uso, ilikuja ile sauti:

"Mhehe huyo anakuja! Fungeni mbwa! Mhehe huyo!"

Kila siku. Hata pasipo mtu wa kumjibu, maana aliyekuwa anajibu hayupo. Kanisani akifika mlangoni, anapiga kelele nje kwanza mpaka mchungaji anakereka. Dukani. Kisimani. Mama alikuwa anatikisa kichwa, "Huyu mzee tangu msiba amezidi kelele." Na mimi nikamwona hivyo, mzee mpiga kelele. Nilikua, nikaja mjini, nikafungua kibanda, na nikimkumbuka nilikuwa nazikumbuka kelele.

Mwaka huu Mzee Kalinga amefariki, kwa uzee, huko huko Zuzu. Siku ya kuanua matanga nilifunga kibanda, nikaweka kichupa cha lavenda kwenye mkoba, nikaenda. Safari hii mtani nilikuwa mimi. Binti yake mkubwa, Dada Tumaini, alinipokea nyuma ya nyumba, akaniletea koti limekunjwa kwenye kanga. "Alisema asiguse mtu mwingine." Nikalifungua. Kifungo cha juu, chekundu. Nikalinusa: dawa ya nondo, ugoro, vumbi. Lavenda hamna.

"Utamwigizaje?" Dada Tumaini akaniuliza.

"Nitapiga kelele," nikasema. "Si ndiye alikuwa bingwa wa kelele?"

Akanitazama kwa mshangao. "Baba? Baba alikuwa mkimya, Pendo. Humu ndani anaweza kumaliza siku na maneno mawili. Akirudi kazini alikuwa anavua hilo koti nje, analitundika, anaingia kimya. Zamani alikuwa anapiga kelele na baba yako tu; baba yako alipokufa, kelele ilikuwa akilivaa tu, akitoka."

Nilikaa chini, kwenye ndoo iliyogeuzwa, na koti mapajani.

Akilivaa tu, akitoka. Nyie, nimechukua miaka yote hii kuelewa. Mzee yule alikuwa ananitangulizia sauti yake. Alipoona kilichotokea siku ile mgongoni mwake, hakutaka kitokee tena hata mara moja, kwa hiyo kila asubuhi, akiwa na koti la rafiki yake mwilini na rafiki mwenyewe hayupo kumjibu, alijitangaza kutoka mbali ili mtoto fulani asije akadhani. Angeweza kuliweka sandukuni, ni kweli. Lakini aliahidi kulirithi, na pengine naye alikuwa anapenda kutembea na baba.

Nikainua kichwa. "Dada, watoto wameambiwa?"

Akatupa jicho mlangoni. Pale kwenye kizingiti alikuwa amekaa mjukuu wa mzee, kitoto cha kike cha chekechea, miguu haifiki chini. Dada Tumaini akanong'ona, "Tumemwambia babu kaenda Iringa."

Nikamwita yule mtoto, akaja. Nilimwambia kwa maneno mafupi, kama nilivyoambiwa, nimemshika mabega. Alisikiliza, akalia kidogo, akafutwa machozi na Dada Tumaini. Halafu akaliangalia koti.

"Na hilo?"

"Nitalivaa mimi. Nitatembea kama babu, watu wacheke. Lakini nitakuwa mimi, Pendo."

"Nitajuaje?"

"Utanisikia kwanza."

Akakimbilia mbele kukaa na bibi yake. Nikapaka lavenda kwenye kola, nikavaa, nikafunga mpaka kifungo chekundu. Jua lilikuwa kali. Lilipopenya kwenye mgongo wa koti, lavenda ikapanda, ya baridi kwanza, halafu ile tamu kavu. Ya kichupa changu, bila shaka. Ila chini yake, sijui, palikuwa na grisi, palikuwa na chuma, na ngozi ya shingo yangu ikasisimka. Alikuwa nyuma yangu kabisa, karibu ya kunigusa pua. Kwa mara ya kwanza sikugeuka. Nilimwacha asimame.

Nikajaza kifua, nikapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika:

"Ficheni chakula! Mgogo huyo anakuja! Mgogo huyo!"

Nikangoja mpaka nikasikia kitoto kinacheka kule mbele. Halafu ndipo nikatokea.